Siku pamba ya shambani ilipogoma kuchuja maji, ikabidi niseme darasani kuwa nanyonyesha

Wakuu, mwangaluka.

Huku kwetu Usukumani ndivyo tunavyoamkiana asubuhi, na mimi naandika asubuhi hii nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya mama mdogo hapa Somanda, Bariadi. Simu ni yake, bando ni lake, na ameshanionya nisilimalize lote.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Nasoma ya wenzangu, nacheka, mengine yananiliza, napita. Leo naweka ya kwangu. Ni ya kweli na sitaongeza chumvi, ukiacha ile iliyokuwa kwenye ndoo ya mwalimu, ambayo mtaikuta huko mbele.

Niiteni Minza. Si jina langu halisi.

Ni mwanafunzi wa Form Three kwenye shule moja ya kata hapa Bariadi. Ni mama pia. Binti yangu anaitwa Limi, na muda huu anawafukuza kuku wa jirani.

Wale mnaotaka kuuliza mwanafunzi amepataje mtoto, tulieni kidogo.

Nyumbani kwetu ni Nkoma, wilaya ya Itilima. Ni wakulima wa pamba, na mahindi ya kula. Nilimaliza darasa la saba vizuri, nikaanza sekondari huko huko, na kabla sijamaliza Form One nikapata ujauzito. Yaliyotokea hapo katikati siyaelezi, uzi huu si wa hayo. Aliyehusika hayumo kwenye kisa hiki na sijui aliko.

Baba yangu hakunipiga. Najua watu wakisikia habari kama yangu wanasubiri sehemu ya kipigo. Hakuna. Wala hakunifukuza nyumbani.

Aliacha tu kuongea na mimi.

Akitaka maji anamwambia mama, "Mwambie huyo alete maji," na mimi nimesimama hapo hapo mbele yake. Wakuu, mtu ambaye tangu ukiwa mdogo alikuwa anakubeba mabegani kwenda shambani, halafu anakupita kama anapita mti. Kuna siku nilitamani anichape tu yaishe.

Limi alipozaliwa na kupata nguvu kidogo, mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuja Nkoma kutuona. Ana genge la mboga mbele ya nyumba yake hapa Somanda. Alikaa, akala, akambeba mtoto, kisha akasema mbele ya wote, "Siku hizi wanaruhusu waliojifungua kurudi shule. Huyu aje kwangu. Mtoto atashinda na mimi gengeni."

Mama alimwangalia baba. Baba alikuwa anatengeneza mpini wa jembe, hakuinua hata uso.

"Aende," alimwambia mama. "Akichoka, pamba ipo."

Ndivyo nilivyofika Bariadi.

Mkuu wa shule alinipokea bila maneno mengi. Aliniuliza kama nataka kuendelea na Form Two au nianze upya Form One. Nikasema nianze upya, kwa sababu kichwani kulikuwa kumebaki nyimbo za kubembeleza tu.

Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza.

Form One wa kawaida ni watoto. Wapo wanaofika begani kwangu. Mimi nilikuwa nimerefuka, nimenenepa kidogo baada ya uzazi, na sare yangu ilishonwa kubwa makusudi. Wiki ya kwanza haikuisha, darasa zima likawa linajua kwamba nina mtoto. Sijui nani alisema. Bariadi ni mji lakini si mji wa kuficha kitu.

Basi wakaanza kuniamkia. Naingia darasani asubuhi, nasikia kutoka dawati la mbele, "Shikamoo mama!" Darasa zima linaangua kicheko. Kila siku.

Aliyeanzisha ni binti mmoja anaitwa Nkwimba. Ana akili sana huyo, na mdomo wake unakwenda sambamba na akili. Hakuwa mtoto mbaya, naweza kusema hivyo leo. Wakati ule nikisikia sauti yake nageuza njia.

Nikajifunza kunyamaza. Mwalimu akiuliza swali na jibu ninalo, nanyamaza. Kwa sababu ukijibu watu wanageuka kukuangalia, na mimi nilitaka wasahau kama nipo.

Kina mama mliopo humu mtanielewa kwa hili linalofuata. Kina baba, vumilieni.

Nilikuwa nanyonyesha. Asubuhi namnyonyesha Limi, naenda shule, narudi mchana namnyonyesha tena. Katikati hapo maziwa hayajui ratiba ya shule. Yakijaa yanatoka.

Mama mdogo alikuwa na kiroba cha pamba aliyokuja nayo kutoka Nkoma, alitaka kujazia mito. Mimi kwa akili yangu nikachukua kidogo, nikatoa mbegu, nikaikunja vizuri na kuiweka ndani ya sidiria ili inyonye maziwa. Pamba si inanyonya? Kila mtu anajua pamba inanyonya.

Siku moja tupo mstarini, tunaimba wimbo wa taifa. Nikahisi yameanza kutoka. Sikujali sana, nikijua nimejikinga. Tulipomaliza kuimba nikaangalia chini, shati jeupe lilikuwa limelowa pande zote mbili, mbele ya shule nzima.

Sielezi kicheko kilivyokuwa. Nilivuka uwanja huku nimekumbatia madaftari kifuani, nikatoka getini na kwenda moja kwa moja nyumbani.

Mama mdogo aliponiona hakuuliza. Aliniletea kanga, akachukua ile pamba, akaiangalia, akaimwagia maji kutoka kwenye kopo. Maji yakateleza juu yake kama yanateleza kwenye jani la jimbi. Pamba ikabaki kavu.

"Minza mwanangu," alisema, "hujawahi kuangalia mvua ikinyesha kwenye pamba shambani? Hii ina mafuta yake. Haishiki maji mpaka uichemshe."

Akaweka sufuria jikoni. Maji, majivu aliyoyaloweka na kuyachuja kwa kitambaa, na kipande cha sabuni ya mche. Akaichemsha ile pamba muda mrefu, maji yakageuka rangi ya chai. Akaisuuza mara kadhaa na kuianika. Kesho yake ilikuwa nyeupe na laini, na ukiidondoshea tone la maji linazama humo humo.

Kuanzia hapo sikulowa tena.

Ila mimi nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilimwambia mama mdogo kwamba nitamalizia wiki hiyo, halafu Jumamosi napanda gari na mtoto wangu, narudi Nkoma. Ilikuwa msimu wa kuvuna. Kama baba alivyosema, pamba ipo.

Mama mdogo alisema, "Sawa. Uamuzi ni wako." Akaendelea kupanga nyanya. Lakini niliona anazipanga, anazipangua, anazipanga tena.

Haya, sasa tunaingia darasani. Wale mliofungua uzi kwa ajili ya pamba, ndiyo hii.

Mwalimu wetu wa Chemistry tumwite Sir Maduhu. Kijana tu, mwembamba, anaongea haraka, na anapenda somo lake mpaka anasahau kengele. Tulikuwa kwenye mada ya kutenganisha michanganyiko. Katikati ya wiki hiyo akatangaza practical ya filtration, yaani kuchuja. Tatizo karatasi za kuchujia za maabara zilikuwa zimeisha.

"Hatukwami," alisema. "Kila group ije na chupa ya plastiki iliyokatwa, na kitu chochote cha kuchujia."

Mkoa mzima upo kwenye mavuno. Mnadhani watu walikuja na nini?

Kila group ilikuja na pamba. Wengine waliichukua nyumbani, wengine waliokota iliyodondoka barabarani kutoka kwenye malori.

Maabara yetu ni chumba cha kawaida chenye meza ndefu na sinki ambalo siku nyingi halitoi maji. Sir Maduhu alikuwa ameleta ndoo ya maji ya lambo. Kwa wasiojua, lambo ni bwawa la kuchimba, linakusanya maji ya mvua, mifugo inakunywa na watu wanachota. Maji yake yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Juu yake alimwaga chumvi ya jikoni, akakoroga kwa kijiti.

"Humu kuna maji, kuna udongo, kuna chumvi," alisema. "Nataka mnipe kila kimoja peke yake."

Mimi nilipangwa na Nkwimba pamoja na kijana mmoja mpole anaitwa Shija. Nkwimba akashika uongozi bila kuchaguliwa. Aligeuza chupa mdomo chini, akashindilia pamba shingoni, akaniambia bila kuniangalia, "Mama, shika hapo." Nikashika.

Shija akamimina maji.

Maji yakakaa juu ya pamba. Yakatulia tu. Tukasubiri. Kisha yakapata upenyo pembeni, kati ya pamba na plastiki, yakashuka yote kwa pamoja kwenye beseni. Rangi ile ile ya chai ya maziwa. Nkwimba akaitoa pamba, akaifinya. Kavu!

"Umeshika vibaya," akaniambia.

Lakini tukageuka kuangalia meza nyingine, na kote mambo ni yale yale. Wengine waliongeza pamba, maji yakagoma kabisa kushuka. Group moja walikuwa wanapuliza kwa mdomo. Maabara ikawa kelele na vicheko, hakuna tena anayefanya kazi.

Sir Maduhu alipita meza hadi meza. Akachukua pamba yetu, akaivuta vuta, akaidondoshea maji. Nilimwona uso wake, wakuu, haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyekutana na kitu kinachomvutia.

"Pamba ya hospitali inanyonya maji," alisema kwa sauti. "Hii yetu imetoka kwenye mmea ule ule, hainyonyi. Kwa nini? Nani anaweza kunipa sababu?"

Kimya.

"Mtu yeyote. Hata kubahatisha."

Akaangalia saa.

"Basi tuiache. Wiki ijayo nitatafuta karatasi za kuchujia, turudie."

Wiki ijayo mimi sitakuwepo. Hilo ndilo lililonijia kichwani. Jibu ninalo mdomoni, na nikisema watauliza nimejuaje, na nikieleza nimejuaje nimejimaliza. Lakini pia nilikuwa naondoka Jumamosi. Mtu anayeondoka atachekwa mara ngapi tena?

Na kuna kitu kingine, niseme ukweli. Nilitaka kuona yale maji yakitoka safi. Nilitaka tu kuona.

Nikanyoosha mkono.

Sir Maduhu alishangaa, kwa sababu tangu nifike sikuwahi kunyoosha. "Ndiyo, Minza."

"Ina mafuta yake, sir," nikasema. "Mpaka uichemshe na majivu na sabuni. Ukiichemsha inashika maji."

"Umejuaje?" Aliyeuliza hakuwa mwalimu. Alikuwa Shija, tena aliuliza kwa nia njema kabisa, macho yamemtoka.

Nikaangalia meza. Nikasema macho yakiwa hapo hapo.

"Nanyonyesha. Nilikuwa naweka pamba ili maziwa yasilowanishe shati. Ya shambani ilikataa, ndiyo maana nililowa siku ile mstarini. Mama mdogo akaichemsha. Sasa inanyonya."

Vichwa vyote vikageukia meza yetu.

Kisha mmoja nyuma akacheka. Kicheko kifupi, cha puani.

Nkwimba akageuka mzima mzima. "Unacheka nini?" alimwuliza. "Kwani wewe hukunyonya?"

Yule akanywea. Na wengine waliokuwa wanajiandaa kucheka wakaacha.

Mpaka leo sijui kwa nini Nkwimba alisema vile. Nilikuja kumwuliza baadaye, akasema hata yeye hajui, lilimtoka tu. Nadhani alikuwa anataka jibu la pamba kuliko alivyotaka kucheka. Yupo hivyo.

Sir Maduhu hakunipa pole wala hakunisifia. Alifanya kitu kikubwa kuliko hivyo. Alichukua chaki, akageukia ubao, akaanza kuandika nilichosema kama anavyoandika vitu vya kwenye kitabu. Kwamba uzi wa pamba umefunikwa na nta na mafuta ya asili, kwamba maji na mafuta havishikani, kwamba maji ya majivu yana alkali inayoondoa mafuta hayo. Akachora mshale. Kisha akaniuliza, "Mama mdogo aliichemsha kwa muda gani? Moto mkali au wa wastani?" Akaniuliza kama mwalimu mwenzake.

Nikajibu. Akaandika.

"Mimi nilijua pamba ya hospitali inasafishwa kiwandani," alisema. "Sikufikiria kwamba tunaweza kuisafisha wenyewe hapa. Kesho tunaifanya."

Mchana huo tulienda jikoni kwa mpishi wa shule, akatupa nafasi pembeni ya sufuria kubwa ya makande. Majivu yalikuwepo tele. Nkwimba alikoroga, Shija alichochea kuni, mimi nikawa naangalia rangi ya maji. Kila baada ya muda Nkwimba ananiuliza, "Bado?" Namwambia bado. "Minza, bado?" Bado.

Aliniita Minza. Niliisikia, nikajifanya sijaisikia.

Kesho yake tukarudi maabara. Pamba ilikuwa imekauka juani kwenye uzio, imesinyaa kidogo lakini nyeupe. Tukaiweka shingoni mwa chupa, juu yake mchanga tuliouosha vizuri, juu yake kokoto. Shija akamimina maji ya lambo taratibu.

Matone ya kwanza yalitoka na rangi. Darasa likaguna. Sir Maduhu akasema tuyarudishe juu, tumimine tena. Tukarudisha. Tukasubiri.

Halafu likaja tone moja.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Mimi nimekulia kwenye maji ya lambo. Nimeyachota, nimeyanywa, nimefulia. Sikuwahi kuyaona yakiwa hivyo. Lilining'inia kwenye mdomo wa chupa, ukiangalia ndani yake unaona dirisha. Likadondoka, likaja jingine. Watu waliacha meza zao, wakaja kutuzunguka. Chini ya chupa maji yakawa yanajaa kidogo kidogo kwenye kikombe cha kioo, na juu, kwenye mchanga, tope lilikuwa limebaki limetulia.

Sir Maduhu akatufundisha majina. Yaliyopita yanaitwa filtrate, yaliyobaki juu yanaitwa residue. Sitayasahau maisha yangu yote.

Shija akataka kuonja, mwalimu akamshika mkono. "Kwenye maabara hatuonji kitu," alisema. "Ila niambieni. Maji haya ni safi. Chumvi iko wapi?"

Tukaangalia juu kwenye tope. Tukaangalia kikombe. Nkwimba akasema imebaki juu. Mimi nikasema imepita.

"Thibitisheni."

Tukamimina maji kidogo kwenye kisufuria, tukaweka kwenye jiko la mkaa. Yakachemka, yakapungua, yakaanza kurukaruka, kisha yakaisha. Pembeni mwa kisufuria kulikuwa na ukingo mweupe, punje ndogo ndogo, kama ukoko wa uji uliokauka. Chumvi. Ilikuwa imepita muda wote huo ndani ya maji yanayong'aa na hakuna aliyeiona.

Nkwimba akanigonga bega. "Umenishinda," alisema. Basi.

Jumamosi ilifika. Niliamka nikafua sare, nikaianika. Mama mdogo alisimama mlangoni, amembeba Limi, akaniangalia muda.

"Kwani gari si linaondoka asubuhi?" aliniuliza.

Nikagundua sikuwahi kumwambia kwamba nimebadili mawazo. Nilikuwa nimesahau hata kwamba nilipanga kuondoka.

"Jumatatu tuna quiz ya Chemistry," nikamwambia.

Akaingia ndani haraka. Nilimsikia anaimba.

Isije ikaonekana kwamba baada ya hapo kila kitu kikanyooka. Hapana. Wapo walioendelea na maneno yao, na Hesabu bado inanitesa mpaka leo. Limi aliugua homa, nikakosa vipindi kadhaa, Shija akawa ananiletea madaftari gengeni. Lakini nilikuwa nimeanza kunyoosha mkono, na ukishaanza ni vigumu kuacha.

Sasa nifike sehemu ambayo ndiyo imenifanya niandike.

Muhula ule ulipokaribia kuisha shule iliandaa siku ya wazazi. Kila somo lionyeshe kitu. Sir Maduhu akasema Form One wataonyesha kuchuja maji ya lambo kwa pamba ya mkoa wetu wa Simiyu, na msemaji ni Minza.

Nikakataa. Mbele ya wazazi wa wenzangu, ambao wengi wanajua habari zangu? Nikasema Nkwimba aseme, ana mdomo.

Nkwimba akasema, "Mdomo ninao. Pamba ni yako."

Basi nikasimama. Meza ipo chini ya turubai, chupa zimepangwa, wazazi wamekaa kwenye madawati. Nilianza kwa sauti ya chini, nikaambiwa niongeze. Nilipofika katikati, nikiwa nimeinua ile pamba juu ili waione, nikamwona baba.

Alikuwa amesimama nyuma kabisa, amevua kofia, ana vumbi la safari. Mama alikuwa pembeni yake. Mama mdogo ndiye aliyewapigia simu, kwangu alinyamaza.

Wakuu, maneno yaliniisha. Nilibaki na pamba mkononi. Shija akaniongezea maji kwenye chupa kana kwamba ni sehemu ya maonyesho, na kile kitendo kikaninyanyua. Nikaendelea. Maji yakatoka. Watu wakapiga makofi. Sir Maduhu akauliza kama kuna mwenye swali.

Baba akainua mkono.

Alianza kwa Kisukuma, kisha akajisahihisha, akaongea Kiswahili ili wote waelewe. Na aliongea akiniangalia mimi.

"Hayo maji sasa yanang'aa," alisema. "Sisi kule kwetu tunakunywa ya lambo. Tukifanya hivi, tunaweza kuyanywa?"

Ilikuwa mara ya kwanza ananiuliza kitu tangu apate habari ya ujauzito wangu.

Ningeweza kusema ndiyo. Wangefurahi wote. Lakini haikuwa kweli.

"Hapana, baba," nikasema. "Bado. Hapa tumetoa udongo tu. Kilichoyeyuka kimepita, na vijidudu vinaweza kupita pia, havionekani kwa macho. Ukishachuja ni lazima uyachemshe kwanza. Ila yakiwa yamechujwa ni rahisi zaidi kuyachemsha na kuyatunza."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya akiwa anapokea maelekezo ya dawa ya mifugo.

"Wabeja, ng'wanone," akasema. Kwa wasiojua Kisukuma, ni "asante, mwanangu".

Nilishika meza. Mama alikuwa analia na mtandio mdomoni, na Nkwimba naye, huyo huyo, alikuwa anajifanya anapanga chupa.

Baada ya pale baba alikuja mezani, akataka aoneshwe tena pamba inavyochemshwa. Hatukuongea ya nyuma. Mpaka leo hatujayaongea. Lakini siku hizi anapiga simu, na akipiga anaomba aongee na mimi.

Wageni walipokuwa wanatawanyika, mama mmoja alinifuata kule tunakooshea vyombo vya maabara. Simfahamu. Alikuja kutoka Migato, ana mtoto wa dada yake anayesoma pale shuleni. Alisimama pembeni, akawa anashika shika chupa.

Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye yule mwenye mtoto?"

Zamani swali hilo lingenimaliza. Nikasema, "Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Na walikupokea?"

"Walinipokea."

Akaiweka chupa chini. Kisha akasema, "Wangu yupo nyumbani. Mtoto wake ameanza kutambaa. Alikuwa anapenda sana masomo. Baba yake anasema imeshapita hiyo." Akajitengeneza mtandio. "Nimekuangalia ulivyokuwa unaeleza pale. Nimesema ngoja nimwulize mwenyewe."

Sikumpa hotuba. Nilimshika mkono, wangu ukiwa bado na maji, nikampeleka mpaka ofisini kwa mkuu wa shule, nikabisha hodi, nikamwambia, "Madam, huyu mama ana swali." Nikawaacha.

Mwaka uliofuata, shule ilipofunguliwa, niliingia getini nikamkuta binti amesimama karibu na ukuta, sare mpya bado ina mikunjo ya dukani, begi amelishika kwa mikono miwili. Anaitwa Kabula. Mama yake, yule wa siku ya wazazi, alikuwa ameshaondoka kuwahi gari la Migato.

Aliponiona aliuliza, "Wewe ndiye Minza?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimejiandaa aniulize mengi, maana nayajua. Watu watamwangaliaje, mtoto akimlilia itakuwaje, atachekwa au la.

Akauliza, "Chemistry ni ngumu?"

Nilicheka mpaka watu wakageuka. Nikamwambia, "Ngumu. Njoo nikuoneshe darasa lako."

Sasa hivi yupo Form Two, ananipita kwa Hesabu, na nikikwama ndiye ananielekeza.

Funzo langu ni dogo tu. Kitu nilichokuwa nakificha kwa aibu ndicho kilichokuwa na jibu siku ile, na lisingejulikana kama ningeendelea kunyamaza. Na kwa wazazi na walimu, nawaomba, binti akirudi darasani msimfanye mfano wa kuonya wengine. Muulizeni swali la somo. Basi. Muulizeni swali la somo kama mnavyowauliza wengine, halafu msubiri jibu.

Mama mdogo anaitaka simu yake, wateja wameanza kufika.

Wakuu, uwanja ni wenu. Walimu wa sayansi mliopo humu, filter paper zikiisha huko kwenu mnachujia nini? Na kama kuna binti anasoma hapa akiwa nyumbani na mtoto mgongoni, anajiuliza kama imeshapita, andika hata neno moja tu hapo chini. Nitakujibu mwenyewe.